Saa 215 na kazi ya ofisini: nifundishe, nipandishe watu wa miavuli au nivute glaida?

Mbayuwayu215
Wakuu, salaam. Nimepata leseni ya urubani wa biashara, nina saa 215 za kuruka, zote za ndege ya injini moja, na cheti cha afya daraja la kwanza kiko hai. Kazi ya ofisini siiachi, ndiyo inayolipa mkopo wa mafunzo. Nafasi yangu ni Jumamosi, Jumapili na jioni mbili za katikati ya wiki. Nimeona njia nne: kusomea ukufunzi, kupandisha warukaji wa miavuli, kuvuta glaida (ndege isiyo na injini), au ndege za upimaji na picha za ardhi. Nataka nifikishe saa za kuniwezesha kuitwa kwenye usaili wa rubani msaidizi. Ipi inamfaa mtu wa wikendi?

Chaki_na_Propela
Hongera. Nafundisha nusu muda, mwaka wa tatu huu, kwa hiyo jua kabisa navutia kwangu. Saa za kufundisha unaziandika kama rubani kiongozi hata kama hukugusa usukani, na mafuta analipa mwanafunzi. Ila faida hasa iko kwingine. Mwanafunzi anakuja kutua, pua iko juu, mwendo unakwisha, na una kama sekunde moja ya kuamua umnyang'anye usukani au umwache ajirekebishe. Ukishapitia hayo mara nyingi, kutua kwako mwenyewe kunabadilika.
Ubaya wake: kozi ya ukufunzi ni gharama nyingine juu ya deni ulilo nalo. Halafu mwanafunzi wa mara moja kwa wiki anasahau. Mvua ikila Jumamosi mbili mfululizo mnaanza upya. Mimi nagawana wanafunzi na mkufunzi wa siku za kazi, tunaachiana maelezo kwenye daftari moja. Bila hivyo ningekuwa nawaibia tu pesa zao.

Mlango_Wazi
Miavuli, bila kufikiria mara mbili. Wikendi ndiyo siku yao. Sisi tuna Cessna 182 iliyong'olewa viti, warukaji wanne, futi 10,000: dakika ishirini na kitu kupanda, kumi kushuka. Siku ikikubali tunapandisha mara nane, karibu saa nne zinaingia kwenye logibuku, daftari la saa zako.
Lakini usidhani ni lifti. Wakisogea mlangoni uzito unahamia nyuma, mmoja ananing'inia nje, na mwendo umeshaupunguza; hapo ndipo bawa linapoweza kukuachia, lisiibebe tena ndege. Mwavuli ukifunguka mlangoni ukanasa kwenye mkia, mko matatani nyote, ndiyo maana hata rubani anavaa wake. Na kushuka kuna adabu yake: ukifunga nguvu ya injini ghafla ukapiga mbizi, silinda zake zinapoa haraka kupita kiasi. Mwenye ndege atakuangalia kwa jicho utakalolikumbuka.

Chaki_na_Propela
Yote kweli, Mlango. Lakini unapanda juu ya uwanja uleule na kushukia uwanja uleule, tena jua linawaka. Kwenye usaili wakimuuliza alivyopanga safari ndani ya mawingu, atajibu nini?

Mlango_Wazi
Na wewe mwalimu, mara ya mwisho kutua kwa mikono yako ni lini? 😀 Mimi natua mara nane kwa siku, na upepo wa ubavuni haujawahi kuniomba ruhusa.

Kamba_Ndefu
Glaida ni safari za dakika kumi, na klabu nyingi hazilipi, ni kujitolea. Saa zinaingia kidogokidogo ila utapaa na kutua mpaka uchoke. Hatari yake wengi hawaijui: aliye nyuma akipanda juu mno, kamba inainua mkia wako na pua inaelekea ardhini, wakati hata futi mia tano hujafika. Mkono usikae mbali na kiachilio cha kamba. Naipenda, lakini siyo njia ya mwenye haraka.

Ramani_Hewani
Upimaji futa kwenye orodha yako, ndugu. Saa ni nyingi na kushika mstari ulionyooka kutwa kunakufunza nidhamu. Ila anga ikiwa safi wanakuita leo na kukuweka nje wiki tatu. Hakuna bosi wa ofisini atakayekuelewa.

Kofia_Kuukuu
Nimestaafu, acheni niwachoshe kidogo. Mnabishana kuhusu saa. Marekani nao walibishana hivyo baada ya ajali ya Colgan Air 3407 karibu na Buffalo, Februari 2009, watu 50 walipokufa. Ikatungwa sheria mwaka 2010, na tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria huko anatakiwa kwa kawaida awe na saa 1,500. Sasa angalia: kapteni wa ndege ile alikuwa na zaidi ya saa 3,000, msaidizi wake zaidi ya 2,000. Wote wangepita kwenye sheria hiyo. Msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka ng'ambo ya pili ya nchi kuja kuanza zamu.
Kwa hiyo Mbayuwayu, hilo la mwisho, uchovu, ndilo lako. Ulaya kikomo ni saa 100 za kuruka kwa siku 28 na 900 kwa mwaka wa kalenda. Huko wewe hufiki. Ila hakuna kikomo kinachohesabu Ijumaa uliyobaki ofisini hadi saa tano usiku. Ukiwa umechoka hivyo, Jumamosi asubuhi pokea simu useme huji. Ukiona huwezi kulitamka hilo kwa klabu inayokusubiri, kaa na ofisi yako kwanza.
La pili: usitume barua pepe. Mwenye ndege anataka kukuona ukisukuma ndege kuitoa bandani na ukifagia. Na mara nyingi si yeye anayeamua, ni bima yake.

Mbayuwayu215
Asante mzee, nimeipokea. Kuna pia kampuni inasema nikilipia watanipa kiti cha upande wa kulia, cha rubani msaidizi, kwa saa 500. Vipi?

Chaki_na_Propela
Hapana.

Mlango_Wazi
Hapo hata mimi na mwalimu tunakubaliana. Abiria amelipa nauli, na wewe ulipe tena kwa kumrusha? Pesa hiyo isomee ukufunzi.

Mbayuwayu215
Basi naona hivi: miavuli wikendi msimu huu, jioni zile mbili nianze nadharia ya ukufunzi. Jumamosi naenda kwenye klabu moja kuomba nikae pembeni ya rubani wao.

Mlango_Wazi
Fika kabla ndege haijatolewa. Uliza uzito na mafuta wanavyovihesabu kila wanapopanda. Wakikuambia "tunajua tu", rudi nyumbani. Na uone kwa macho yako jina lako limeandikwa kwenye bima kabla hujashika usukani. Mimi mahali fulani niliruka miezi miwili nikiambiwa "lipo, lipo". Halikuwepo.