Tajiri anayekusanya hisa za bei ya chini anakusudia nini?

Mkorosho wa Newala: Ndugu zangu, baada ya malipo ya mnada wa korosho nilinunua hisa za kampuni ndogo iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Sasa inasemekana tajiri mmoja anazikusanya kimyakimya, na kila asubuhi naona oda kubwa za kununua huku wauzaji wakiwa wachache. Je, anataka kuitwaa kampuni, au atapandisha bei kisha atuuzie sisi?

Mzee wa Mikindani: Mwanangu, anayeitaka kampuni nzima hatimaye hujitokeza hadharani. Mwaka 2024 kampuni ya Amsons ya hapa kwetu Tanzania ilipoitaka Bamburi Cement ya Kenya, ilitangaza shilingi 65 za Kenya kwa kila hisa, na wanahisa wadogo nao wakapewa ofa hiyo. Oda peke yake isikubabaishe, kwa sababu inaweza kufutwa kabla ya kutekelezwa. Tazama hisa zilizouzwa kweli.

Binti Kilwa: Shikamoo mzee. Mimi ningeanza na ripoti ya mwaka, kwenye orodha ya wanahisa wakubwa na thamani ya ardhi, kwani wapo wanaonunua kampuni iliyochoka kwa ajili ya kiwanja chake tu (na mara nyingi ndicho chenye thamani).

Mkorosho wa Newala: Ahsanteni. Ripoti inaonyesha maghala mawili karibu na bandari. Nitauza nusu, nyingine nizishikilie.

Mzee wa Mikindani: Marahaba, binti. Mkorosho, uza kwa bei uliyoipanga mwenyewe.