Mrejesho: kucheka bila vichekesho kikundini

Wakuu, niliuliza namna ya kuwafanya wenye aibu wacheke kwa uhuru kikundini. Asanteni, njia ya daktari Madan Kataria wa Mumbai imekubali. Mwaka 1995 walianza watu 5 bustanini wakipeana vichekesho. Vizuri vilipoisha vikabaki vya matusi na kejeli, akaviacha vyote, kicheko kikawa zoezi.

Simameni duara, pigeni makofi viganja vikiwa wazi, "ho-ho, ha-ha-ha", vuteni pumzi ndefu mara mbili, kisha chekeni sekunde 30 hadi 40 mkitazamana. Macho ndiyo kazi yenyewe: anayetazama sakafu hubaki anaigiza tu. Asilazimishwe, lakini. Mwenye ngiri au mshono mbichi akae pembeni kabisa, maana tumbo hukaza.