Kagera waliambiwa wajijengee, Hanang wakajengewa: kwa sheria ipi?

Wakuu, salaam.

Naandika uzi huu kwa hasira ambayo nimeibana kwa muda mrefu, kwa hiyo wale wazoefu wa kujibu kila hoja kwa maneno "acha siasa" naomba safari hii wasome mpaka mwisho kwanza. Hoja yangu ni moja. Katika nchi hii, mtu aliyepoteza nyumba kwa maafa hana haki yoyote iliyoandikwa mahali ambayo anaweza kuishika mkononi na kuidai. Kujengewa au kuachwa kwake kunategemea ni nani aliyeko Ikulu mwaka huo, na ubaya zaidi, kunategemea walioathirika ni wachache kiasi gani. Wakiwa wachache, watajengewa. Wakiwa wengi, watahubiriwa.

Tuanze na Kagera. Tarehe 10 Septemba 2016, siku ya Jumamosi, majira ya saa tisa na nusu alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliutikisa mkoa wetu, kitovu chake kikiwa upande wa Missenyi karibu na mpaka wa Uganda. Watu wasiopungua 17 walifariki, mamia wakajeruhiwa, na maelfu ya nyumba zikaanguka au kupasuka kiasi cha kutokalika. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato zilibomoka hata zikafungwa. Anayeijua Hamugembe, kata ya Manispaa ya Bukoba, anazijua nyumba zilizoanguka kule: matofali yaliyounganishwa kwa udongo, hakuna linta (ile kamba ya zege juu ya madirisha), hakuna nondo, bati juu. Nyumba ya namna hiyo huweza kumlea mtu mpaka akazeeka ndani yake, lakini haina namna ya kuhimili ardhi ikitikisika. Tusidanganyane basi kwamba tetemeko lilipiga wote sawasawa. Mwenye nyumba ya zege yenye nguzo alipata nyufa. Mwenye nyumba ya udongo alitoa maiti kwenye kifusi.

Nchi ilisimama na sisi, hilo silikatai. Rais wa wakati huo, hayati John Magufuli, aliahirisha safari yake ya Zambia. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifika Bukoba mara moja, kisha akawaita mabalozi na wafanyabiashara, nao wakachanga. Kenya ilileta mabati, magodoro na blanketi kwa ndege ya jeshi, Uganda ikatoa dola 200,000, India nayo ikatoa mchango wake. Wananchi wa kawaida walituma elfu mbili na elfu tano kwa simu, wengine wakiwa na shida kuliko sisi. Kila aliyetoa alikuwa na picha moja kichwani: kuna bibi amelala nje, apate bati. Nani kati yenu alituma fedha akikusudia kukarabati jengo la serikali?

Kabla mwezi haujaisha tukasikia kwamba Katibu Tawala wa Mkoa na Mkurugenzi wa Manispaa ya Bukoba wametenguliwa kwa tuhuma za kufungua akaunti yenye jina linalofanana na lile la Kamati ya Maafa. Hatua ilichukuliwa haraka na tuliipigia makofi. Tukadhani kwamba serikali iliyokuwa kali kiasi kile juu ya jina la akaunti ingekuwa kali vilevile juu ya fedha zenyewe kumfikia mlengwa.

Januari 2017 Rais alikuja Bukoba, akatuambia kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba yake, kwamba michango itaelekezwa kwenye miundombinu ya umma, na kwamba kila mmoja ajitahidi kusimama kwa nguvu zake. Tetemeko, alitukumbusha, halikuletwa na serikali. Wapo waliocheka, na wapo waliomsifu kwa kusema ukweli. Mimi niliona watu wazima wakitazama chini. Hakuna aliyewahi kusema kwamba serikali ndiyo iliyotikisa ardhi. Mafuriko nayo hayaletwi na serikali, wala ukame, wala nzige, lakini ndiyo sababu watu wanalipa kodi na kuwa na serikali: ili yakiwafika yasiyo na mkosaji, pawepo na mkono ulio mkubwa kuliko wa ukoo.

Shule zilijengwa, na zimejengwa vizuri. Ihungo mpya inapendeza, tena ilisimama kwa msaada mkubwa wa fedha za Uingereza. Sina ugomvi na shule wala na kituo cha afya. Ugomvi wangu ni kwamba wachache waliohesabiwa kuwa na hali mbaya kuliko wote walipata mabati na mifuko ya saruji, na wengine wote wakaachwa na turubai, halafu faili likafungwa kana kwamba mkoa umejengwa upya. Mtoto anasoma kwenye darasa lenye marumaru, jioni anarudi kulala kwenye chumba ambacho ukuta wake umeegemezwa kwa magogo.

Sasa njooni Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuifunika sehemu ya mji wa Katesh pamoja na vijiji vya jirani. Watu 89 walikufa. Rais Samia Suluhu Hassan alikatisha ziara yake Dubai, akaenda Katesh, na serikali kwa kushirikiana na Chama cha Msalaba Mwekundu ikawajengea waathirika nyumba zaidi ya mia moja huko Waret. Nyumba kamili, si mahema. Nasema kwa moyo mweupe kabisa: walistahili, na laiti wangepewa zaidi. Atakayeugeuza uzi huu kuwa wa kuwaonea wivu ndugu zetu wa Manyara ajue kwamba hajanielewa.

Ila swali linabaki palepale. Lile tulilokataliwa Kagera mwaka 2017 liliwezekanaje Hanang baada ya maafa ya mwaka 2023? Katiba haikubadilika. Nchi ni ileile na chama tawala ni kilekile. Kuna watakaosema kwamba Bukoba Mjini ilikuwa imechagua mbunge wa upinzani mwaka 2015 na kwamba tulikuwa tunaadhibiwa. Mimi siendi huko, kwa sababu sina ushahidi na pia kwa sababu jibu la kweli naona ni baya zaidi ya hilo. Nyumba za Hanang zilikuwa zinahesabika. Nyumba mia na kitu ni mradi wenye mkandarasi, tarehe ya kukabidhi na utepe wa kukata. Nyumba maelfu kwa maelfu zilizotawanyika kwenye vibanja kuanzia Bukoba mpaka Minziro hazina utepe. Kwa hiyo wingi wa waathirika, jambo ambalo kwa akili ya kawaida lingeongeza uzito wa wajibu, ndilo linalogeuka kuwa kisingizio cha kukwepa wajibu wenyewe.

Kama mnadhani natia chumvi, tazameni Rufiji na Kibiti. Mvua za El Niño za mwaka 2024 zilileta mafuriko ambayo Waziri Mkuu mwenyewe aliliambia Bunge mwezi Aprili kwamba yameua watu 155 nchini na kuathiri watu zaidi ya 200,000. Wimbo uliotawala ulikuwa ule tunaoujua: wananchi wahame mabondeni. Wahamie wapi, kwa fedha ya nani, na shamba la mpunga lililo bondeni walibebe vipi? Kisiwani Ukara nako, kwenye Ziwa Victoria, baada ya kivuko cha MV Nyerere kuzama mwaka 2018 na kuua watu zaidi ya 220, sehemu ya rambirambi ilijenga majengo ya kituo cha afya cha Bwisya. Kituo cha afya ni kitu chema sana, lakini kujenga kituo cha afya kisiwani ilikuwa kazi ya bajeti ya serikali kabla hata mtu mmoja hajafa maji.

Watetezi watakuja na hoja ya fedha: nchi ni maskini, tungetoa wapi? Mwezi uleule wa Septemba 2016, watu wakiwa wanalala nje Hamugembe, serikali ilipokea na kuzindua kwa shangwe ndege mbili aina ya Bombardier Q400 zilizonunuliwa kwa fedha taslimu. Mwaka uliofuata ukaanza ujenzi wa uwanja wa ndege Chato, nyumbani kwa Rais, wenye njia ya kurukia ya urefu wa kilomita tatu, kwa gharama ya makumi ya mabilioni ya shilingi. Chato, kwa wasiofahamu, ilikuwa ndani ya mkoa huuhuu wa Kagera mpaka Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012. Sisemi ndege hazina faida, wala sisemi wanyonge wa Chato hawataki maendeleo. Ninachosema ni kwamba aliyetuambia hakuna fedha alikuwa na maana kwamba hakuna fedha kwa ajili yetu, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Tena tusisahau kwamba wale walioachwa wajijengee walikuwa wanaichangia serikali katika kujijengea kwao. Kodi ya Ongezeko la Thamani ni asilimia 18, nayo imo ndani ya bei ya saruji, bati na nondo. Mjane aliyeuza ndizi na kahawa yake ili ainue ukuta mmoja aliilipa kodi hiyo sawasawa na mwenye ghorofa. Hazina ilipata chake kutokana na tetemeko. Aliyekosa ni yeye.

Na humo ndani yetu wenyewe pengo limeongezeka, jambo ambalo hatupendi kulisema Kagera kwa sababu ya majivuno yetu. Familia zenye watoto wasomi Dar es Salaam, Mwanza na ughaibuni zilijenga upya ndani ya muda mfupi, na nyumba zao za sasa ni bora kuliko zile zilizoanguka. Familia ambazo watoto wao wamebaki kijijini zilikandika udongo uleule, juu ya msingi uleule uliopasuka, bila mhandisi kuja kuwaambia kwamba kamba ya zege juu ya madirisha ingeweza kuwaokoa tetemeko lijalo. Shangazi yangu ni mmoja wa hao. Aliandikishwa, akapigwa picha mbele ya kifusi chake, akaambiwa asubiri kuitwa, na aliporudi kwenye ofisi husika kuulizia, alijibiwa kwamba jina lake halimo na kwamba orodha ilishapelekwa juu. Wapangaji ndio hawakutajwa kabisa. Mtu aliyepoteza vyombo, cherehani na mtaji wake wa genge ndani ya chumba cha kupanga hakuwa mwathirika machoni pa yeyote, kwa kuwa nyumba haikuwa yake.

Sheria zipo, msije mkasema tatizo ni ukosefu wa sheria. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ilipitishwa mwaka 2015, yaani mwaka mmoja kabla ya tetemeko, ikazungumzia wakala na mfuko wa maafa. Mwaka 2022 ikatungwa nyingine kuchukua nafasi yake. Katikati ya sheria hizo mbili tuliendelea kupitisha bakuli kila maafa yalipotokea, viongozi wakipokea hundi za mfano mbele ya kamera, kana kwamba maafa ni sherehe ya harusi inayohitaji kamati ya michango. Sheria ambayo haimwambii mwenye nyumba iliyoanguka kwamba atapata kiasi gani, lini, na kwa nani akate rufaa akirukwa, kwake yeye ni karatasi tu.

Sidai kila mtu ajengewe jumba. Nadai kiwango kimoja kilichoandikwa na kutangazwa kabla ya maafa, kinachotofautisha nyumba iliyoanguka kabisa na ile iliyopasuka, kinachomtambua mpangaji, na kinachotumika Katesh, Hamugembe na Ikwiriri kule Rufiji bila kujali jimbo limemchagua nani. Nadai orodha ya waathirika ibandikwe ofisi ya kijiji na ya mtaa ili anayerukwa ajue siku hiyohiyo badala ya kuzungushwa. Nadai aliyepoteza nyumba apewe nafuu ya kodi kwenye vifaa vya ujenzi wa nyumba hiyo hiyo moja. Na michango ya wananchi iliyotolewa kwa jina la waathirika itumike kwa waathirika; serikali ikitaka kujenga shule, bajeti ipo na Bunge lipo. Hata kwa hesabu ya Kagera, mabati na saruji kwa kila kaya iliyopoteza nyumba yasingefika popote karibu na gharama ya uwanja mmoja wa ndege.

Ninaomba wachangiaji kutoka Missenyi, Bukoba Vijijini na Manispaa waeleze hapa walipata nini hasa, bila kutaja majina ya majirani zao. Wa Rufiji, Kibiti na Kilosa karibuni vilevile. Na kama yupo humu mtumishi aliyewahi kuishika taarifa ya mwisho ya mapato na matumizi ya michango ya tetemeko la Kagera, inayoonyesha ni kiasi gani kiliingia na ni kaya ngapi kilizifikia, aiweke hadharani tuisome mstari kwa mstari.