Mtoto anaendesha na yuko kwa ARV (dawa za HIV), nizisimamishe?

MamaBarani: Asalaam aleikum. Mwanangu wa miaka miwili yuwaendesha maji matupu na kutapika tangu juzi. Duka la dawa hapa Malindi wamenipa ORS (unga wa chumvi na sukari wa kukoroga kwa maji) na zinki, wakasema ni virusi vya tumbo. Asubuhi hutumia dolutegravir, moja ya ARV zake, na dawa zake nyingine, zote nazipa pamoja, zinki pia. Mavyaa ataka nisimamishe ARV mpaka tumbo litulie. Jirani naye kaniletea antibiotiki zilizobaki kwa mwanawe.

NesiMstaafu: Waaleikum salaam mwanangu. ARV usisimamishe, mavyaa mwambie kwa adabu. Akitapika kabla ya nusu saa kupita, mrudishie dozi. Ila zinki iondoe asubuhi! Hushikana na dolutegravir tumboni, dawa isiingie mwilini vizuri. ARV asubuhi, zinki jioni. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kuendesha kukikoma. Septrin yake ya kila siku, ile ya kumkinga na maambukizi, iendelee.

Kijana wa Shela: Za jirani mrudishie. Rota na noro ni virusi vya tumbo, antibiotiki haziviwezi. Alichanjwa rota? Kenya inatoa tangu 2014, na mwenye HIV huchanjwa kama wengine.

MamaBarani: Alichanjwa, iko kwenye kitabu.

NesiMstaafu: Basi vyema. Aliyechanjwa aweza kuugua, lakini mara nyingi si vikali.

Bi Mkubwa: Mpe dafu tu, hizo pakiti za nini?

NesiMstaafu: Dafu anywe, bibi, lakini chumvi yake haitoshi kushika nafasi ya ORS. Ikorogwe kwa maji yaliyochemshwa, kipimo kile cha kwenye pakiti. Ya kisima hivi hivi hapana. Kijiko kijiko, akitapika ngoja dakika kumi uendelee. Ziwa la mama na uji asinyimwe. Nawe nawa kwa sabuni kila ukimbadilisha nepi. Sanitaiza kwa noro haina nguvu, na mtoto ambaye kinga yake iko chini aweza kutoa virusi chooni kwa wiki kadhaa. Akipitisha siku 14 akiendesha, CCC (kliniki yake ya HIV) wampime choo na wingi wa virusi vya HIV. Kwani anakojoa?

MamaBarani: Tangu alfajiri nepi kavu. Na amelegea, ORS aikataa.

NesiMstaafu: Hiyo si ya kungoja kesho. Ita tuktuk sasa hivi, hospitali, na dawa zake zote ubebe na kitabu. Njiani endelea na kijiko.