Naomba ushauri: nataka kukusanya sarafu na medali za mchongaji Bertram Mackennal, nianzie wapi?

Mjukuu_wa_Askari:
Wakuu, salaam. Familia imenikabidhi kikopo cha marehemu babu nikitunze. Ndani yake mna shilingi za Afrika Mashariki za 1921 na 1922, zile zenye simba upande mmoja na Mfalme George V mwenye taji upande wa pili. Mna pia sumni (senti hamsini) ya 1924, na medali ya fedha ya vita vya 1914–1918. Jina la baba yake babu limegongwa ukingoni mwa medali hiyo pamoja na namba yake ya K.A.R. (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki enzi za ukoloni).

Kusoma kidogo, nikakuta kwamba uso wa mfalme kwenye shilingi na uso wa mfalme kwenye medali ni kazi ya mtu mmoja, Bertram Mackennal, mchongaji aliyezaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1863 na kufariki Uingereza mwaka 1931. Ndiye aliyechonga kaburi la Mfalme Edward VII kule Windsor, na wale farasi wa jua walio juu ya mlango wa Australia House, London. Bibi zetu waliifunga kazi yake kwenye pindo la khanga wakaenda nayo sokoni. Jambo hili halijaniacha tangu nilijue, na ndiyo maana nataka kukusanya kazi zake ndogo ndogo.

Nina mshahara wa mwalimu, kwa hiyo naomba mnisaidie. Nianze na nini? Vitu vyenyewe vimekuwa vyeusi, nivisugue kwa ndimu na jivu? Binamu zangu wanataka tuviuze vyote kwa sonara kwa uzito wa fedha, niwajibu nini? Na kuna mtu mtandaoni anauza "medali ya dhahabu ya Olimpiki ya London 1908", anadai ni kazi ya Mackennal. Ni kweli?

Bandari_Tanga:
Ndimu weka mbali kabisa, mdogo wangu. Jivu, mchanga, dawa ya meno, vyote weka mbali. Weusi ule ni utando wa fedha yenyewe, na chini yake ndiko uliko mchongo. Uso wa Mackennal una mwinuko mdogo sana. Ukisugua, unazikata nywele za ndevu na vito vya taji, na havirudi tena. Mkusanyaji akiona sarafu inang'aa kama sufuria jipya huirudisha mezani. Kama kuna udongo, loweka kwenye maji safi, kausha kwa kuikandamiza kwenye kitambaa laini bila kusugua, basi.

Kuhusu kuuza kwa uzito: waambie binamu zako wapige hesabu kwanza. Shilingi ya 1921 hadi 1925 ina uzito wa gramu 7.78 hivi, na fedha ndani yake ni robo tu, sehemu kubwa iliyobaki ni shaba. Yaani gramu mbili kasoro za fedha. Sonara atakulipa senti kwa kitu ambacho mkusanyaji angekilipia vizuri zaidi kikiwa na sura safi.

Medali ndiyo kabisa isiguswe. Ile ni Medali ya Vita ya Uingereza. Upande wa mfalme ni wa Mackennal, upande wa mpanda farasi ni wa William McMillan. Ziligongwa za fedha zaidi ya milioni sita, kwa hiyo medali yenyewe si adimu. Lakini jina la askari wa K.A.R. ukingoni ni la mtu mmoja tu duniani. Ikiyeyushwa, limekwisha. Piga picha ukingo wote, andika namba na jina kama vilivyo hata kama tahajia imekosewa, na andika pia kila kitu ambacho wazee wa ukoo wanakikumbuka juu yake. Orodha za medali za vita vile zimehifadhiwa kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London, anza kuulizia huko.

Nyanza_Rupia:
Bandari amesema vyema. Mimi niko Kisumu, nakusanya fedha za zamani za huku kwetu. Ushauri wangu ni uanze na zilizo karibu nawe, maana hizi bado zinapatikana kwa wazee na kwa wauza vitu vya kale.

Tafuta kwanza shilingi kwa mwaka, 1921 hadi 1925. Ya 1923 ndiyo ngumu kuipata, kwa hiyo ukiona mtu anakuuzia kwa haraka bila kujua, ichukue. Angalia kama kuna herufi ndogo H, maana yake iligongwa kiwandani kwa Heaton, Birmingham. Kisha rudi nyuma, utafute florini ya 1920. Hiyo ilitumika muda mfupi mno, kati ya rupia na shilingi, na fedha yake ni nusu kwa nusu. Senti tano na senti kumi za tundu ziache katika mkusanyo huu, hazina uso wa mfalme. Na ukifika 1937 simama: uso wa George VI ni wa Percy Metcalfe, mchongaji mwingine.

Halafu kuna rupia ya India ya 1911. Pwani na bara tulitumia rupia za India kwa miaka mingi, ndiyo maana bado zinajitokeza kwenye masanduku ya watu. Mackennal alimvika mfalme joho lenye mkufu wa nishani, na kwenye mkufu kuna tembo mdogo. Tembo yule alitoka na mkonga mfupi na miguu mifupi, watu wakamwona nguruwe. Waislamu wa India wakakasirika, serikali ikasimamisha utoaji na kuyeyusha nyingi, na mwaka 1912 tembo akachorwa upya. Kwa hiyo tafuta rupia ya 1911, kisha iweke kando ya ya 1912 uangalie mkufu kwa lenzi. Mimi naona hakuna jozi nyingine inayoonyesha namna hii jinsi kosa la upana wa punje ya mchele linavyoweza kutikisa nchi. Rupia halali ina gramu 11.66, na sumaku haiivuti.

Bint_Mrima:
Naongeza la dhahabu. Kaka, waulize mama na shangazi kuhusu pauni, zile sarafu za dhahabu za Kiingereza, walizovaa kwenye mikufu. Pauni zenye George V kichwa wazi, za 1911 hadi 1932, zina uso wa Mackennal, na herufi B.M. ziko pale shingo ilipokatwa. Upande wa pili ni Mtakatifu George na joka, kazi ya Benedetto Pistrucci ya miaka mia moja kabla yake. Zikiwa na herufi SA zimegongwa Pretoria. Pauni iliyochomelewa kishikizo imepoteza thamani kwa wakusanyaji, ila dhahabu yake ipo palepale, gramu 7.99 ya karati 22. Tahadhari, bandia za pauni ni nyingi na baadhi zina dhahabu kamili, kwa hiyo mizani peke yake haitoshi. Kama huna mtu wa kukuangalizia, usinunue.

Kariakoo_Kwetu:
Samahani kuingilia. Ile sanamu ya Askari pale katikati ya Dar nayo ni ya huyu bwana?

Bandari_Tanga:
Hapana, mkuu. Ile ya 1927 ni ya James Alexander Stevenson. Ukitaka kuona askari wa shaba wa Mackennal, wako Sydney, kwenye mnara wa Martin Place.

Turudi kwa Olimpiki. Ni kweli Mackennal alibuni medali za 1908. Za washindi ni ndogo, milimita 33: wanawake wawili wanamvika mshindi taji, na nyuma Mtakatifu George anaua joka. Lakini upande ule wa wanawake wawili ulitumika tena Stockholm 1912, ukiwa na mgongo mwingine wa Erik Lindberg. Wauzaji wengi huchanganya, wengine kwa makusudi. Tena kulikuwa na medali za ukumbusho kwa washiriki, kubwa zaidi, zenye gari la farasi wanne, na hizo si za ushindi. Mwombe muuzaji picha za pande zote mbili na za ukingo, pamoja na kipimo cha upana. Medali ya dhahabu ya kweli ya 1908 haiuzwi na mtu asiyeweza kueleza ilishinda mchezo gani.

Mjukuu_wa_Askari:
Asanteni sana, wakubwa zangu. Nimemwomba muuzaji vipimo, amesema ni milimita 50 na ina farasi wanne.

Bandari_Tanga:
Basi hiyo ni ya washiriki. Ni kazi halali ya Mackennal na nzuri mno, farasi wake wale nawapenda kuliko ile ya washindi. Ila si dhahabu ya mshindi, kwa hiyo bei aliyokutajia si yake. Mwambie umejua ni ipi, kisha mpe bei ya medali ya washiriki. Akikataa, weka hela yako kwa shilingi ya 1923.

Nyanza_Rupia:
Na usiziweke kwenye mifuko laini ya plastiki inayonuka, huzitia rangi ya kijani. Bahasha za karatasi isiyo na tindikali zinatosha, kila moja na maandishi yake. Namba ya babu mkuu ikionekana vizuri kwenye picha, nitumie. Nina orodha ya vikosi vya K.A.R., tutazame alikuwa batalioni gani.