Chuo cha Marekani kinaruhusiwa kumficha mzazi kama mtoto kakamatwa na pombe?

Baba Kelvin
Wakuu habari za weekend. Nipo huku Texas, kijana wangu ana miaka 19 yuko mwaka wa pili chuo jimbo lingine. Juzi naingia kwenye akaunti ya ada nilipe semista naona kuna dola 150 imeandikwa kozi ya elimu ya pombe. Nikapiga simu ofisini, dada wa watu mpole kabisa ananiambia mzee hela naweza kupokea ila hiyo ni ya nini siwezi kukuambia, muulize mwanao. Yaani mimi ndo nalipa halafu naambiwa nimuulize mwanangu! Dogo nae simu anapokea anasema ni mambo madogo tu baba. Hii ni sheria kweli au wananizungusha?

Floo ya Tatu
Mkuu pole. Nimefanya kazi kwenye mabweni ya chuo huku miaka kadhaa so nakuelewa. Sheria inaitwa FERPA ya mwaka 1974, mtoto akishaingia chuo rekodi zake ni zake, hata angekuwa na miaka 17. Ila mwaka 1998 Bunge la Marekani lililegeza, chuo kikishathibitisha kwamba mwanafunzi wa chini ya miaka 21 amevunja sheria au kanuni za chuo kuhusu pombe au dawa za kulevya kinaweza kumwambia mzazi bila ruhusa ya mtoto. Ilikuja baada ya vifo vya 1997, wanafunzi wawili, mmoja wa chuo cha LSU na mmoja wa MIT, walikufa kwa pombe kwenye mambo ya fraternity (vile vyama vya wanafunzi wa kiume), wazazi wakaja juu sana. Sasa shida ni hilo neno KINAWEZA, hakilazimishwi. Ndo maana kila chuo kina utaratibu wake, kingine kosa la kwanza tu barua iko nyumbani, kingine wanasubiri la pili, kingine mpaka mtoto abebwe na ambulensi. Tafuta kitabu cha kanuni za wanafunzi cha chuo chenu, imeandikwa humo.

mama_wawili
Mimi hii siielewagi kabisa. Bongo mtoto akivurunda sekondari unaitwa shuleni na kiti unawekewa, huku unalipa maelfu ya dola alafu unaambiwa ni mtu mzima, mtu mzima gani hata bia haruhusiwi kununua mpaka afike 21?? Waambie kosa la kwanza tu, la pili wanasubiri nini

dogo wa kempasi
Shkamoo mama. Mimi ni mwanafunzi naomba niongee upande wetu usinipige 😂 ukisema kila kosa nyumbani wajue, watoto wetu wa kiafrika ndo tutaumia, maana baba akisikia bia moja anakukatia tiketi ya kurudi Dar. Wikendi moja jamaa kazima bafuni, midomo imeanza kubadilika rangi, watu wanne tumesimama pale tunabishana tupige 911 au tusipige, na hofu ya kwanza haikuwa polisi, ilikuwa mama yake. Tulipiga, yuko hai. Majimbo mengi yana sheria ya kumlinda anayeita msaada asishtakiwe kwa kunywa, ila hakuna inayokulinda na mzazi wako 😅

mama_wawili
Marahaba mwanangu. Hapo umenigusa, lakini huyo aliyezima mama yake aliambiwa au mpaka leo hajui?

dogo wa kempasi
Hajui

Njiwa wa Zenji
Naongezea moja watu wanaisahau. Kama mtoto yuko kwa viza ya F-1, ile ya mwanafunzi wa kigeni, swala la barua kwa mzazi ni dogo kuliko swala la bangi. Jimbo limeruhusu bangi sawa, lakini uhamiaji ni serikali kuu na kwao bado ni haramu, mgeni akitiwa hatiani mahakamani hata kwa kiasi kidogo anaweza kukosa viza au kuondolewa nchini. Asikubali kosa lolote kabla hajaongea na wakili wa uhamiaji.

Baba Kelvin
Nashukuruni sana. Kelvin kazaliwa huku so viza hakuna. Swali la mwisho, kodi ya mwaka jana nimemwandika kama tegemezi wangu, hiyo inasaidia chochote?

Floo ya Tatu
Inasaidia sana, ungeanza na hiyo mkuu. Mtoto akiwa tegemezi wako kwenye kodi sheria inaruhusu chuo kikupe rekodi zake, sio za pombe tu, hata matokeo. Vyuo vingi wanataka ushahidi, peleka ukurasa wa kwanza wa ritani ya kodi kwa ofisi ya msajili na ufiche kipato chako. Ila kama ni mimi ningeanza kwa kumwambia Kelvin asaini fomu ya ridhaa, ni ya dakika mbili tu, na akikataa kusaini utakuwa umeshajua kitu. Na hiyo ya 150 usipaniki, kozi kama hiyo mara nyingi ni kosa la kwanza, la bia chumbani.

Baba Kelvin
Poa. Nampigia jioni, na mama yake simwambii kwanza.

mama_wawili
Yaani na wewe unaficha 😂😂