Naomba ushauri: "But see" au "Contra"?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Sheria nilisomea Dar, sasa nafanya shahada ya uzamili Marekani. Huku, kwa mtindo wa Bluebook (mwongozo wa kunukuu kesi na vyanzo vingine vya sheria), kineno kinachotangulia kesi kinamwambia msomaji kesi hiyo inabeba hoja yako kwa kiasi gani.

Juzi memo yangu imerudi na wino mwekundu. Niliandika kwamba polisi lazima wamsomee haki zake mtu aliye kizuizini kabla ya kumhoji, nikaweka "See" (kesi inaunga mkono hoja bila kuitamka moja kwa moja) mbele ya Miranda v. Arizona ya 1966. Mwalimu akaikata: kesi yenyewe imesema hivyo moja kwa moja, haihitaji kineno chochote. Hilo nimelielewa.

Kinachoninyima usingizi ni sentensi iliyofuata, kwamba hata dereva aliyesimamishwa barabarani kwa kosa la kawaida asomewe haki hizo. Berkemer v. McCarty ya 1984 inakataa. Mwenzangu anasema niweke "But see", yaani kesi inaunga mkono kinyume cha hoja bila kukitamka moja kwa moja. Mimi naona kesi imetamka kinyume waziwazi, hivyo "Contra" ndiyo ya haki kwa msomaji. Au nirekebishe sentensi yenyewe kwanza? Narudisha kazi Ijumaa, mliopitia haya naomba mnisaidie.